Barua ya wazi kwa wanaosimamia ukumbi wa kale wa Bodrum: ziara ya mji ianzie kilimani

Kwenu Waheshimiwa mnaosimamia mambo ya kale, makumbusho na mji wa Bodrum, Uturuki,

Sisi tunaowaandikia ni waongoza wageni na walimu wa historia tunaoleta vikundi vya wasemaji wa Kiswahili katika pwani ya Bahari ya Aegean. Tunaandika hadharani na kwa Kiswahili ili wasafiri wenyewe nao wasome tunachowaombea. Ombi kubwa ni moja. Ukumbi wa kale wa maigizo ulioko kwenye mteremko wa Göktepe uwe mahali pa kwanza anapopelekwa mgeni anayeingia Bodrum, tena asubuhi, badala ya kubanwa saa za mchana kati ya ngome na chakula. Mengine yote yaliyomo humu, tangu saa za kufungua hadi mifereji ya maji, yanatokana na hilo.

Ukumbi huu ni wa karne ya 4 K.K., zama za Mausolus, mtawala wa Karia, nchi ya kale ya kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo, aliyehamishia makao yake hapa Halikarnassos, jina la kale la Bodrum, kutoka mji wa Mylasa. Warumi waliukarabati baadaye. Idadi ya watazamaji wa zamani inayotajwa mara nyingi ni 13,000. Hayo yamo katika kila kitabu cha wasafiri. Kisichosemwa vya kutosha ni kile kinachoonekana ukishakaa.

Mgeni akikaa safu za katikati na kuelekeza uso baharini, mji wote uko mbele yake. Kushoto, mita mia tatu hivi, ni kiwanja cha kaburi la Mausolus. Mbele zaidi upande huohuo imesimama ngome ya Mtakatifu Petro, juu ya rasi inayotenga ghuba mbili. Kulia bandari inafungwa na pembe ya Salmakis, na ng'ambo ya maji, siku isiyo na utusitusi, kinaonekana kisiwa cha Kos cha Ugiriki. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi wa karne ya 1 K.K., aliueleza mji huu kuwa umekaa kwenye mteremko uliopinda kama ukumbi wa maigizo. Chini kabisa, kando ya bandari, palikuwa na soko. Katikati ya mpindo, pale ambapo ukumbini hupita njia ya watazamaji, palikuwa na barabara pana na kaburi la Mausolus. Juu, katikati ya kilele, hekalu la Ares, mungu wa vita wa Wagiriki. Kwenye pembe ya kulia hekalu la Aphrodite na Hermes karibu na chemchemi ya Salmakis, na kwenye pembe ya kushoto jumba la mfalme. Haya yote mtu anaweza kuyaonyesha kwa kidole akiwa ameketi. Dakika kumi zinatosha, na hakuna chombo kinachohitajika.

Sasa tazameni hasara ya kuanzia bandarini. Anayeanzia ngomeni huiona ngome peke yake. Halafu hupelekwa kwenye kaburi la Mausolus, lililokuwa moja ya maajabu saba ya dunia ya kale na lenye kimo cha kama mita 45, na anakuta shimo la misingi na vipande vya nguzo vimelala. Swali huwa ni lilelile: ndiyo hii tu? Jibu liko palepale alipotoka, lakini hakujua la kutafuta. Wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohane walianza kujenga ngome mwanzoni mwa karne ya 15, na walipozidi kumhofia Sultani wa Uthmaniya wakabomoa mabaki ya kaburi lililokwisha kuangushwa na matetemeko, wakachukua mawe kuimarisha kuta. Mwingereza Charles Newton alipochimba hapa miaka ya 1856 na 1857, sanamu na michongo iliyobaki ikapelekwa London. Kwa hiyo kaburi halikutoweka. Limo kwenye kuta za ngome, na limo katika Makumbusho ya Uingereza. Mgeni aliyelisikia hilo akiwa kilimani, akakiona kwa macho kiwanja cha kaburi na ngome kwa wakati mmoja, akishuka anakwenda moja kwa moja kutafuta mawe ya kijani ya volkano na vipande vya marumaru katika kuta za ngome. Anajua anachokitafuta.

Ndiyo maana tunasema mpangilio huu wa ziara ndio uhai wa mahali pote patatu. Kutoka ukumbini kwenda kaburini ni mteremko, kutoka kaburini kwenda ngomeni ni mteremko, na kwa mwendo wa taratibu njia yote haizidi nusu saa. Mzee wa miaka sabini anaweza kuitembea yote akiteremka. Kuipanda ni habari nyingine.

Hapa tunaingia kwenye saa na jua, jambo linaloharibu ziara nyingi kuliko lolote jingine.

Ukumbi unatazama kusini. Vitruvius huyohuyo aliwaonya wajenzi wasielekeze kumbi kusini, kwa sababu jua likiujaza mpindo, hewa iliyomo hukosa pa kwenda, huzunguka palepale na kuchemka. Mwishoni mwa Juni jua la Bodrum hupanda hadi nyuzi 76 juu ya upeo, na mawe ya mpindo huo hulipokea na kulirudisha usoni mwa aliyekaa. Mchana wa Julai joto la kivulini huwa nyuzi 34 au 35, na ukumbini kivuli hakuna.

Kisha kuna mtego wa saa, unaowanasa hasa wageni wetu. Tangu 2016 Uturuki inatumia saa moja mwaka mzima, saa tatu mbele ya Greenwich, sawasawa na Nairobi na Dar es Salaam. Mgeni anashuka kwenye ndege, hagusi saa yake, na anadhani jua nalo linafuata saa hiyo kama nyumbani. Halifuati. Bodrum iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi karibu 12 za longitudo. Mwezi wa Julai jua la Dar es Salaam hufika juu kabisa saa 6 na nusu hivi mchana, la Bodrum saa 7 na robo. Mtu akiambiwa "tutapanda saa 10 alasiri, jua limepoa", kwa kipimo cha jua ni kama amepanda saa 9 na robo ya Dar es Salaam. Halijapoa. Tena mawe yamekuwa yakila moto tangu asubuhi, na yataendelea kuutoa hata kivuli kikianza kuingia.

Tunaomba basi ratiba mbili. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, lango lifunguliwe saa 12 na nusu asubuhi, kwa kuwa mwezi wa Juni jua huwa limechomoza kabla kidogo ya saa 12, na ziara za vikundi zimalizike saa 4 na nusu. Zirudi tena saa 11 na nusu jioni hadi jua kuzama, yaani saa 2 na nusu hivi usiku mwezi wa Juni, na mapema zaidi kadiri Agosti inavyokwisha. Kati ya hapo, anayetaka kuingia kwa hiari yake aingie, ila vikundi vya wazee na watoto visipangiwe. Majira ya baridi ni kinyume chake. Desemba jua huchomoza saa 2 na robo asubuhi na halipandi zaidi ya nyuzi 30, na hapo kutazama kusini kunageuka kuwa neema, kwa maana viti hupata jua siku nzima. Kufungua alfajiri mwezi huo hakumsaidii mtu. Saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri zinatosha, na huo ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuona bandari, ikiwa hakuna mvua.

Kwa wasafiri wanaosoma hapa: lita moja ya maji kwa kila mtu kwa ziara ya saa moja na nusu, kofia yenye ukingo mpana, na kanga iliyokunjwa mara nne ya kukalia. Kanga inazuia moto wa jiwe wakati wa kiangazi na ubaridi wake Januari, na haiachi alama. Mito ya plastiki yenye rangi huacha.

Kuhusu kivuli, tunajua mmeombwa mara nyingi kukiweka. Tunaunga mkono, lakini kiwekwe nje ya mawe ya kale, kwenye eneo tambarare la chini karibu na lango, na miavuli yake isimame kwa uzito wake yenyewe. Katika viti vya ukumbi kuna matundu yanayoaminika kuwa zamani yalishika miti ya vitambaa vya kivuli. Ukiyatazama kwa karibu utaona midomo yake imelika na mengine yana nyufa nyembamba zinazotokea kwenye ukingo kuelekea uso wa jiwe. Yanashawishi mtu achomeke nguzo. Tafadhali msiruhusu, hata kwa usiku mmoja. Nguzo ya mita tatu yenye turubai ikipigwa na meltemi, ule upepo wa kaskazini wa kiangazi unaovuma kwa vishindo, inageuka wenzo, na jiwe ndilo linalopasuka. Kama nguzo ni ya chuma, hewa ya chumvi inaitia kutu, kutu inavimba, na hata upepo usipovuma tundu linapasuliwa kutoka ndani.

Ngazi. Safu moja ya viti katika kumbi za namna hii huwa na kimo cha sentimita 35 hadi 45, na ngazi za kupitia hukatwa mbili kwa kila safu. Kupanda si tatizo. Ajali hutokea mtu akishuka, kwa sababu tatu zinazokuja pamoja: kingo za mawe zimelika na zimeinama kuelekea nje, vumbi la kiangazi linateleza mfano wa unga, na macho ya mtu yako baharini au kwenye simu. Anayeteremka wima hukanyaga kwa kisigino kwenye ukingo na mguu unamtoka. Tunawafundisha wageni kushuka kwa upande, bega moja likitazama bahari, mguu mzima ukae juu ya jiwe, na picha zipigwe mtu akiwa ameketi. Ninyi mnaweza kufanya mambo mawili yasiyogusa jiwe la kale. La kwanza ni kufagia ngazi zilizofunguliwa kila asubuhi kwa ufagio laini, bila kumwaga maji, maana maji hubeba vumbi hadi kwenye viungo. La pili ni kufungua ngazi mbili tu, moja ya kupandia na nyingine ya kushukia, zile ambazo mawe yake mengi ni ya ukarabati wa siku hizi, na hapo tu kuwekwe mikono ya kushikia inayosimama kwa vitako vizito vyenye mpira chini. Mistari ya rangi na utepe wa gundi havifai. Gundi hunyonywa na jiwe na kubaki kama doa la mafuta miaka na miaka.

Tukiwa hapo hapo kwenye miguu: viatu vya kisigino kirefu vipigwe marufuku waziwazi langoni, kama Ugiriki ilivyofanya katika maeneo yake ya kale mwaka 2009. Hesabu yake ni fupi. Mtu wa kilo 60 akiweka uzito wote juu ya kisigino chenye eneo la sentimita moja ya mraba, jiwe linabeba kilo 60 kwa sentimita hiyo. Akivaa kiatu bapa ambacho kisigino chake kina sentimita 30 za mraba, zinakuwa kilo 2. Jambo hili linahusu zaidi usiku wa matamasha kuliko wageni wa mchana, na inafaa liandikwe kwenye tiketi, mtu alijue kabla hajatoka nyumbani. Kumrudisha langoni akiwa amekwisha kuvaa ni ugomvi usio na maana.

Matamasha yenyewe hatuyapingi. Ukumbi ulijengwa watu wakusanyike, na usiku wa kiangazi wenye muziki na taa za bandari chini ni jambo la kujivunia. Tunachoomba ni masharti, na yafuatwe na kila anayekodi. Lori lisiingie kwenye kiwanja cha nusu duara cha chini. Vifaa viingizwe kwa mikokoteni yenye magurudumu ya mpira. Chini ya jukwaa la muda litandikwe kwanza zulia la kutenganisha, kisha mbao za plaiwudi zenye unene wa milimita 18 au zaidi, ili miguu ya jukwaa isidonoe sakafu. Jenereta zibaki nje, kila moja ikiwa juu ya trei ya kudakia mafuta, kwa kuwa tone la dizeli kwenye jiwe lenye vinyweleo haliondoki kwa sabuni. Nyaya zisifungwe kwenye mawe, wala msumari usipigwe kwenye kiungo chochote hata kama kinaonekana ni saruji tu.

Spika za sauti nzito ziangaliwe kuliko kitu kingine. Kumbi za kale zilitengenezwa kwa sauti ya mtu. Kingo za safu za viti huzipunguza sauti nzito zinazotambaa juu yake na kuacha zile za juu zipite, ndiyo maana maneno ya anayezungumza chini husikika safu za mbali bila kipaza sauti. Fundi wa muziki anayekuja na vipimo vya uwanja wa wazi huona besi inapotea, akaiongeza, na kinachoongezeka ni mtetemo ardhini. Jiwe lililolala imara halijali. Linaloumia ni lile lililounganishwa kwa kiraka, na kumbi zilizokarabatiwa zina viraka vingi. Spika hizo zining'inizwe au ziwekwe juu ya matandiko ya mpira, na kabla ya msimu kuanza mafundi waweke vioo vyembamba vya kupimia kwenye nyufa zinazojulikana. Kioo kikikatika baada ya tamasha, mnajua ni usiku upi na mnajua ni ufa upi.

Jambo moja la wageni kuhusu matamasha: tarehe za kufunga ukumbi kwa ajili ya kupanga jukwaa zitangazwe angalau siku 60 kabla. Familia inayotoka Mombasa au Kigali hununua tiketi ya ndege mapema na haina njia ya kusogeza siku. Jukwaa likishushwa, liondoke ndani ya siku mbili. Vyuma vilivyoachwa wiki nzima mbele ya viti huziba bandari yote kwa anayekaa safu za chini, na safu hizo ndizo pekee ambazo wageni wasioweza kupanda wanazifikia.

Kwa hao wasioweza kupanda, njia ya mbao inayoondolewa inatosha. Kipimo ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Kwa hiyo kuvuka kizingiti cha sentimita 50 kunahitaji mita 6 za njia, na kiti cha magurudumu kinapita bila kusukumwa na watu wawili. Njia hiyo imfikishe kwenye kibao cha maelezo chenye mchoro wa mji, uliochorwa kutoka pembe ileile anayotazama. Kibao kiwe kimelala, kimo cha sentimita 80 hivi, kisomeke kwa aliyesimama na kwa aliyekaa.

Barabara kuu inapita chini kabisa ya ukumbi na magari ni mengi. Kivuko cha miguu kipimwe kwa mwendo wa mzee, yaani sentimita 80 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 inamtaka sekunde 17 au 18 tangu anapotia mguu, na kikundi cha watu 25 kinataka zaidi ya hapo. Basi lishushe watu upande wa ukumbi, litafute maegesho kwingine, na lisisubiri na injini ikinguruma, kwa sababu mngurumo huo unapanda wote kwenye viti.

Mvua. Bodrum hupata sehemu kubwa ya mvua yake kati ya Novemba na Machi, na mara nyingi kwa dhoruba fupi zenye nguvu. Mpindo wa viti unakusanya maji ya mteremko mzima na kuyapeleka mahali pamoja, kwenye kiwanja cha chini. Mifereji ikiziba, maji hutuama pale, hupenya chini ya safu ya kwanza na kuufanya udongo wa msingi utembee. Dalili yake ni rahisi kuiona: viti vya safu ya kwanza vinaanza kuachana juu huku vikigusana chini. Mifereji izibuliwe Septemba, ikaguliwe tena baada ya dhoruba ya kwanza, kwa sababu dhoruba ya kwanza ndiyo inayoshusha vumbi na majani ya miezi sita kwa mkupuo. Miche ya mtini inayoota kwenye viungo ing'olewe ikiwa midogo. Mzizi wake ukishanenepa kuliko kidole, msiuvute, maana unakuja na kipande cha jiwe. Ukatwe usawa wa kiungo na ukaushwe kwa dawa inayopakwa juu ya kisiki peke yake.

Na pale viraka vya saruji vinapolegea, badala yake itumike chokaa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo kando yake na haipitishi unyevu, kwa hiyo unyevu hupitia kwenye jiwe, chumvi hukauka humo, na uso wa jiwe unamenyeka kama maganda huku kiraka kikibaki kizima. Tunaposimama na wageni tunawaonyesha hilo kwa sababu linaonekana kwa macho katika magofu mengi ya pwani, na huwafundisha kwa nini jiwe jipya na jiwe la kale havitakiwi kufananishwa mno. Kingo kali na rangi moja ni jipya, kingo za mviringo na madoa ya kuvu kavu ni la kale. Kuvu hizo msizisugue.

Makaburi yaliyochongwa mwambani juu ya ukumbi yawekewe njia moja yenye kamba. Kokoto zilizolegea zinazosukumwa kwa miguu kule juu huishia kwenye vichwa vya waliokaa chini.

Kuna ombi la mandhari pia. Nyumba nyeupe za ghorofa mbili zimeiacha Bodrum ionekane ilivyo, na tunaomba kanuni hiyo ishikwe kwa nguvu hasa katika mistari mitatu ya macho kutoka safu za katikati: ukumbi na kaburi la Mausolus, ukumbi na ngome, ukumbi na pembe ya Salmakis. Mnara mmoja wa simu au bango moja la taa katika mistari hiyo unakata maelezo yote ya Vitruvius vipande viwili.

Mwisho tunashuka na wageni hadi ndani ya ngome, kwenye Makumbusho ya Akiolojia ya Chini ya Maji, na hapa tuna jambo letu wenyewe. Humo yamo mabaki ya jahazi la Uluburun, lililozama mwishoni mwa karne ya 14 K.K. karibu na Kaş, pwani ya kusini ya Uturuki. Mpiga mbizi wa sifongo aliliona mwaka 1982, na kati ya 1984 na 1994 wanaakiolojia walizama mara 22,413 kulichimba, mita 44 hadi 61 chini ya maji. Lilibeba tani kama 10 za shaba na tani moja ya bati, pamoja na vioo vya buluu, pembe ya ndovu, meno ya viboko, maganda ya mayai ya mbuni, na magogo meusi. Magogo hayo yametambuliwa kuwa Dalbergia melanoxylon. Huo ni mpingo. Ni mti uleule Wamakonde wanaouchonga, uleule unaotoka Kilwa kwenda kutengenezwa klarineti Ulaya. Haina maana kwamba gogo lile lilitoka Kilwa. Mpingo huota tangu Senegali hadi Eritrea na kushuka hadi kusini mwa Afrika, na mzigo wa Uluburun huenda ulipitia Misri. Lakini moyo wa mpingo ni mzito kuliko maji, ukitumbukia unazama, na Mtanzania anayeliona gogo lile huitambua rangi yake kabla hajasoma kibao.

Tunaomba kibao cha magogo hayo kibebe jina mpingo na ramani ndogo ya mahali unapoota. Na kile kibao cha ukumbini tunachokiomba kimtaje Herodotus, mzaliwa wa Halikarnassos wa miaka ya 480 K.K., kwa habari moja inayowahusu wageni wetu. Alisimulia kwamba Farao Neko wa Misri aliwatuma mabaharia wa Foinike, pwani ya Lebanoni ya leo, waizunguke Afrika, na kwamba waliporudi walidai jua lilikuwa upande wao wa kulia walipokuwa wakizunguka. Yeye hakuliamini. Mtu wa Mtwara analielewa mara moja: ukiwa kusini kabisa mwa bara na unaelekea magharibi, jua la mchana liko kaskazini, yaani kuliani. Maneno aliyoyakataa ndiyo yanayowafanya wengi waone kwamba huenda safari hiyo ilifanyika kweli.

Maandishi ya Kiswahili ya vibao vyote viwili tuko tayari kuyaandika bila malipo na kuyaleta mkayakague, pamoja na mchoro wa mji kutoka safu za katikati. Ratiba ya saa za kiangazi ndiyo tunayoiomba kwanza, kabla ya Juni ijayo. Mifereji, Septemba inayofuata.

Wenu kwa heshima,

Waongoza wageni na walimu wa historia wa vikundi vya wasemaji wa Kiswahili